Kaktasi Ndogo kwa Mbegu: Mwongozo wa Kuotesha na Kukusanya, Shinyanga na Geita

Mche wa kaktasi wenye wiki moja hauna mwiba. Ni kitone cha kijani, kidogo kuliko punje ya ulezi, kimekaa juu ya changarawe kana kwamba kimedondoka kwenye ungo wa mtu aliyekuwa akipepeta. Uinamie ukiwa na miwani ya kusomea, utaona utosini pake pana vinyweleo viwili vitatu vyeupe, laini. Hapo ndipo miiba inapoanzia. Uache bila unyevu siku mbili tu za Septemba, hapa kwetu Shinyanga, nao utasinyaa hadi usijue ulikuwa wapi.

Naanzia hapo kwa kuwa ndipo tunapoangukia wengi. Ukame tunaujua. Mwalimu Nyerere aliwahi kuuita mkoa huu jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi yake. Basi mtu akiambiwa kaktasi ni mmea wa jangwa, hujisemea kwamba umefika nyumbani. Hutia mchanga kwenye kopo, hunyunyiza mbegu, huweka juani, humwagilia anapokumbuka. Mwezi unapita, kopo ni lile lile. Analaumu mbegu.

Kaktasi iliyokomaa ni mmea wa jangwa; kichanga chake sicho. Huko Mexico, Bolivia na Argentina zinakotoka nyingi, mbegu huota mvua ikiwa nzuri, na miche inayopona aghalabu ni ile iliyoangukia chini ya kichaka au ubavuni mwa jiwe, penye kivuli na unyevu unaokawia kukauka. Wataalamu hukiita kichaka hicho mlezi. Mwenye ngitili anayajua haya bila kufundishwa: ukitenga eneo lisilishwe, miti michanga huibukia kwenye kivuli cha vichaka na nyasi, si pale palipo wazi kama uwanja wa mpira. Miezi sita ya mwanzo kazi yako ni kuwa kichaka hicho. Kila nitakachokueleza hapa chini kinatoka kwenye jambo hilo moja.

Ijue kaktasi kwanza

Kwetu kila mmea mnene wenye miiba huitwa kaktasi. Minyaa inayozunguka maboma ya Usukuma siyo. Ni jamii ya Euphorbia, na tawi lake likikatwa hutoa utomvu mweupe unaoweza kuumiza jicho vibaya sana. Mingine ya jamii hiyo hupanda juu kama kinara cha mishumaa, ina pembe na miiba, na wauza maua wa barabarani huiuza kwa jina la kaktasi bila nia mbaya. Usitegemee utomvu peke yake kutofautisha, maana hata kaktasi chache za kundi la Mammillaria hutoa utomvu mweupe zikijeruhiwa. Tazama shina la mwiba. Kwenye kaktasi ya kweli miiba hutoka kwenye kidoa cha pamba, kama kifundo kidogo cha manyoya, na ua nalo hutokea kwenye kidoa kama hicho au jirani yake. Pasipo kidoa hicho, hicho ni kitu kingine, hata iwe na miiba mikali kiasi gani.

Kaktasi karibu zote asili yao ni bara la Amerika. Ipo moja tu inayoota yenyewe huku kwetu Afrika: Rhipsalis baccifera, ambayo haina sura ya jangwa hata kidogo. Huning'inia kwenye matawi ya miti ya misitu yenye ukungu, ikiwemo ya Usambara, ikiwa na vijiti vyembamba vya kijani na vitunda vyeupe vinavyonata. Mpungate, yaani Opuntia, uliletwa na watu, na hapo nina ombi. Usiupande karibu na malisho. Kule Laikipia, Kenya, umekwishameza maeneo makubwa ya wafugaji, na miiba yake midogo hupenya midomo na matumbo ya mifugo. Ninazozisema hapa ni zile ndogo, zinazokaa kwenye kopo la upana wa kiganja, zisizosambaa kwa vipande.

Zipi zinazoitaka hewa yetu

Shinyanga na Geita tuko kwenye mita kama 1,100 hadi 1,300 juu ya bahari, karibu na ikweta. Mchana joto, usiku hali ya kati, kipupwe cha Juni na Julai kinachokauka bila kugandisha. Hilo linatuchagulia.

Gymnocalycium ndiyo ningempa mtu yeyote anayeanza. Ni mviringo, hunenepa taratibu, huvumilia kivuli kuliko kaktasi nyingi, na chipukizi la ua lake ni laini kabisa, halina nywele wala mwiba. Jina lake la Kigiriki limetokana na hilo. Gymnocalycium baldianum hutoa ua jekundu la zambarau ikiwa na miaka kama mitatu, nayo bado haijafikia upana wa chungwa dogo.

Frailea ni ndogo zaidi, nyingine hazizidi sentimita 3. Zina tabia ya ajabu: ua lake hufunguka tu jua likiwa kali alasiri, na mara nyingi halifunguki kabisa, lakini ndani hujizalisha lenyewe na kutoa mbegu. Unatoka asubuhi, kuna chipukizi. Unarudi baada ya siku kadhaa, kuna mbegu, na ua hukuliona. Wapo wanaokata tamaa kwa hilo. Mimi naipenda kwa sababu jua letu la Septemba na Oktoba huzifungua mara nyingi, zikawa na ua la njano lililo pana kuliko mmea wenyewe.

Astrophytum myriostigma haina miiba. Imejaa vidoa vyeupe kama iliyonyunyiziwa chokaa. Mbegu zake ni kubwa na huota haraka, siku ya pili au ya tatu, jambo linalompa moyo mtu asiyezoea kungoja. Mammillaria prolifera nayo haina masharti: hutoa maua ya krimu, kisha vitunda vyekundu kama pilipili kichaa, na hujizalisha bila mwenza. Mwenye subira ya kweli atafute Melocactus, za Brazili na visiwa vya Karibi, zinazopenda joto la usiku. Hukaa miaka saba, kumi au zaidi zikiwa mpira wa kijani, kisha siku moja huanza kujivika kofia ya manyoya mekundu utosini. Tangu hapo mwili hauongezeki tena, kofia tu ndiyo hurefuka, na maua madogo ya waridi hutokea humo.

Nakuonya juu ya Rebutia. Vitabu vyote vya Ulaya huanza nayo, na kweli huchanua mapema. Lakini ni kaktasi ya milima ya Andes, inataka miezi ya baridi ili iweke maua. Aliyeko Makete au Njombe aipande. Hapa kwetu itakua, itajaa vitoto ubavuni, na maua yatakuwa ya kuhesabu.

Mbegu, na kwa nini isiwe mmea

Kuna njia ya haraka: kununua kaktasi kubwa iliyong'olewa porini huko kwao. Usiifuate. Utafiti wa mwaka 2015 uliopitia spishi 1,478 ulikuta asilimia 31 zimo hatarini kutoweka, na wakusanyaji ni miongoni mwa sababu kubwa. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata kaktasi zaidi ya 1,000 adimu zilizong'olewa Chile, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja. Nyingi zilirudishwa kwao mwaka uliofuata. Kaktasi za namna ile hukua milimita chache kwa mwaka. Mmea wa upana wa sahani huenda ulikuwapo kabla babu yako hajazaliwa.

Mbegu haimnyang'anyi mtu kitu. Sisi Watanzania tunao mfano wetu wa jambo hili. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu na mimea ya ua dogo la zambarau la Usambara. Leo ua hilo limekaa kwenye madirisha ya mamilioni ya nyumba duniani, zote zikiwa zimezalishwa kwenye vitalu, wakati ndugu zake wa porini wamebaki kwenye vipande vichache vya msitu. Ua dogo husafiri vizuri. Msitu wake hausafiri.

Karibu kaktasi zote zimo kwenye mkataba wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Zilizo adimu mno, kama Astrophytum asterias, Discocactus na Turbinicarpus, zimo kwenye Orodha ya Kwanza, na hata mbegu zake huhitaji kibali kuvuka mpaka. Zile nilizozitaja hapo juu kwa jina kamili hazimo kwenye orodha hiyo. Hata hivyo, mbegu yoyote ya mmea inayotoka nje inahitaji kibali cha kuingiza nchini na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka. Wanaoshughulikia ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake Arusha. Uliza kabla ya kulipia. Ni rahisi zaidi wakusanyaji watatu wanne wa mji mmoja wakiagiza pamoja.

Nilipoanza niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeweka picha ya kaktasi yenye maua ya bluu angavu. Zilikuja mbegu nyeusi, nikazilea kwa uangalifu wote, zikaota majani mawili membamba kisha zikawa magugu. Picha ya namna hiyo imepakwa rangi. Ukiona muuzaji ana ua la bluu au la rangi za upinde wa mvua, ondoka. Muuzaji mwaminifu huandika jina la kisayansi, mwaka mbegu zilipovunwa, na wengine huweka namba ya shamba inayoonyesha mahali mmea mama ulikotoka.

Udongo: tunacho, ila tujue wa kuchukua

Udongo mweusi wa mbuga usiuguse. Ukilowa hubana, ukikauka hupasuka na kukata mizizi iliyo nyembamba kama uzi wa buibui. Ibushi nao una chokaa nyingi. Tunachohitaji ni luseni, ule wa kichanga unaopatikana kwenye miteremko chini ya miamba, hasa pale maji ya mvua yanapokusanya chembe za itale chini ya jiwe kubwa. Chota changarawe hizo, zioshe kwenye ndoo mpaka maji yawe safi, kisha chekecha mara mbili: kwanza chekeche ya mjenzi kuondoa makubwa, halafu chekeche ya unga kuondoa vumbi. Unabakiwa na chembe za milimita 1 hadi 3. Geita, kwenye vilima vyekundu, moramu iliyooshwa vizuri inafaa pia.

Sehemu tatu za changarawe hizo changanya na sehemu moja ya udongo wa majani yaliyooza, uliokauka na kuchekechwa. Kahama na kokote penye mashine za kukoboa, maganda ya mpunga hutupwa chunguchungu. Yachome yawe meusi bila kugeuka majivu meupe, yaoshe maana yana magadi, ongeza nusu sehemu. Huufanya udongo upumue.

Sasa sikiliza kwa makini ewe uliyeko Geita, Nyarugusu, Rwamagasa, Bulyanhulu. Mlangoni pako kuna milima ya mchanga uliosagwa laini, mweupe, sawasawa, usio na magugu, na mwenyewe atakupa bure: marudio. Niliwahi kuletewa kiroba chake na kijana mchimbaji aliyeona ninavyohangaika na chekeche, kwa moyo mzuri kabisa. Ulikuwa mchanga mzuri kuliko wowote niliouona. Usiutumie. Huo umepita karashani, umeoshwa kwa zebaki, na mwingine umepelekwa kwenye sayanaidi. Rwamagasa ilichunguzwa na mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa miaka ya mwanzo ya 2000 kwa sababu hiyo. Pamoja na zebaki, mawe ya dhahabu ya ukanda huu hubeba pia aseniki, inayobaki kwenye mchanga baada ya dhahabu kuondoka. Udongo wa kaktasi unaushika kwa mikono, unaupiga vumbi ukichekecha, na kopo hukaa dirishani anapocheza mtoto. Ukitaka jiwe jeupe la kupendezesha kopo, chukua kokoto zilizovunjwa kwa nyundo kutoka kwenye jiwe lisilowahi kufika karashani.

Udongo ukiwa tayari, upike. Weka mawe chini ya sufuria kubwa, maji kidogo, juu yake udongo uliolowa ndani ya kitambaa, funika. Mvuke ukishaanza kutoka hesabu dakika 45, kisha uache upoe bila kufunua. Ukiruka hatua hii, kuvu na mayai ya wadudu vitaota pamoja na mbegu zako, na vyenyewe vina haraka zaidi.

Siku ya kupanda

Mimi hupanda mwishoni mwa Machi. Joto la mchana linatosha, hewa bado ina unyevu, na miche inapofikia kutolewa kwenye boksi ni Julai, kipupwe, jua likiwa na upole. Anayepanda Septemba hukutana na joto la Oktoba miche ikiwa na mwezi mmoja, kisha mvua na kuvu za Desemba ikiwa na miezi mitatu. Inawezekana, ila unajitafutia kazi.

Chombo ni boksi la plastiki angavu lenye mfuniko, kama yale ya keki. Lioshe kwa sabuni, lisuuze kwa spiriti. Ndani panga vikopo vya sentimita 5 hadi 7 vilivyotobolewa chini, ujaze udongo, juu kabisa tandaza changarawe tupu kimo cha nusu sentimita. Weka kila kopo kwenye maji hadi unyevu upande wenyewe na juu pang'ae, kisha litoe lichuruze.

Maji hayo yasiwe ya kisima kirefu. Visima vingi vya Shinyanga vina chumvi na floridi, na baada ya miezi miwili utaona ukoko mweupe shingoni mwa miche. Maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria kupitia Ihelele ni mazuri. Bora zaidi ni ya mvua yaliyokingwa kwenye bati baada ya mvua mbili tatu za kwanza kuosha vumbi, yachemshe, yapoe.

Mbegu mwage juu, usifukie. Nyingi zinataka mwanga ndipo ziote, na zile ndogo kama vumbi zikifunikwa hata kwa kucha moja ya udongo hazitoki. Njia yangu: nakunja karatasi nyeupe katikati, naweka mbegu kwenye mkunjo, nagongagonga kwa kidole mpaka zitoke moja moja. Kopo la sentimita 7 linapokea mbegu 25. Andika jina na tarehe saa hiyo hiyo, usiseme utakumbuka. Kipande cha kopo la soda kilichokatwa, kikaandikwa kwa kukwaruza na msumari, hakifutiki kwa jua wala maji. Penseli juu ya plastiki huja ya pili. Kalamu ya wino hutoweka ndani ya mwaka.

Funga mfuniko. Weka mahali penye mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja, kama barazani upande wa kusini mwezi Mei, au chini ya neti kivuli mara mbili. Boksi lililofungwa likipigwa na jua la saa sita huweza kupita nyuzi 50 kwa muda wa kunywa chai, na kilichomo huiva. Lengo ni nyuzi 20 usiku, 28 au 30 mchana. Zikizidi 35 kwa muda mrefu, mbegu nyingi hukataa.

Ndani ya boksi

Astrophytum siku 3. Gymnocalycium na Mammillaria kati ya 5 na 14. Kuna zinazokuja mwezi wa pili, kwa hiyo usitupe kopo. Frailea ikiwa mbichi hujaa. Ikiwa imekaa mwaka mmoja dukani huenda usipate hata moja, kwa kuwa mbegu zake hupoteza uhai upesi.

Tazama kila asubuhi, usifungue kila asubuhi. Matone kwenye mfuniko ni dalili njema. Ukiona uzi mweupe kama wa buibui umezunguka mbegu iliyooza, ondoa mbegu hiyo kwa kibano pamoja na changarawe zilizoizunguka, nyunyizia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, sehemu moja kwa tisa za maji yaliyochemshwa, kisha acha mfuniko wazi nusu siku. Miche ikianza kulala, shingo imekuwa kama maji, ni ugonjwa wa kuoza. Toa iliyolala, weka dawa ya ukungu yenye kopa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na punguza unyevu. Mara nyingi kopo moja hufa lote na la jirani likabaki salama, ndiyo faida ya kutumia vikopo vingi badala ya trei moja.

Rangi ndiyo lugha yao. Kijani kilichopauka na mwili uliorefuka kama kidole ni njaa ya mwanga. Wekundu wa kahawia ni mwanga uliozidi. Wekundu kidogo si ugonjwa, nami hupenda kuuona. Ukiwa kama matofali, ongeza kivuli.

Baada ya wiki 8 hadi 12, miche ikiwa na miiba inayoonekana kwa macho, anza kuizoesha hewa. Siku ya kwanza inua mfuniko kwa kijiti cha kiberiti. Wiki ya pili kwa kidole. Wiki ya nne uondoe. Anayeondoa siku moja hupoteza nusu. Na hata ikiwa nje, usiiache ikauke kabisa mwaka huo wa kwanza: mara changarawe za juu zinapokauka, maji tena kutoka chini. Jirani yako atakuambia unazizamisha. Mwache.

Kulea

Kuku ni adui wa kwanza, kuliko ukame. Mara moja tu ya kuchakura na miezi mitano imekwenda. Weka meza yenye wavu. Sisimizi hubeba mbegu. Simamisha miguu ya meza kwenye makopo yenye maji na mafuta kidogo ya taa juu yake. Vidung'ata, wale wadudu wa unga mweupe unaowajua kwenye mihogo, hujificha kati ya miiba na kwenye mizizi. Wapakie spiriti kwa pamba iliyosokotwa kwenye kijiti, jioni, jua lisiunguze ngozi iliyolowa. Kiangazi, vumbi likitanda, utitiri mwekundu huacha ngozi ya kahawia isiyofutika utosini. Kuosha miche kwa maji ya mvua asubuhi mara moja kwa wiki huupunguza sana.

Mwaka wa pili ndipo unapoanza kuilea miche kama kaktasi. Hamishia kila mche kopo lake, dogo. Kopo kubwa hubaki na maji mzizi usiofikia, nao huoza. Baada ya kuhamisha subiri wiki nzima kabla ya maji, vidonda vya mizizi vikauke. Jua la asubuhi bila kivuli, mchana neti ya asilimia 50. Maji kila udongo unapokauka wote, na kuanzia Juni mpaka katikati ya Agosti karibu uache. Nyunyiza mara moja kwa wiki tatu, basi. Kaktasi hunywea kidogo, huonekana imechoka. Pumziko hilo ndilo linaloleta maua Septemba. Msimu wa mvua, ziweke chini ya paa linalopitisha mwanga. Mvua ya Desemba ya siku tatu mfululizo huozesha kaktasi kubwa kwa usiku mmoja, ikianzia shingoni.

Mche mmoja adimu ukidumaa, upandikize. Mashina ya dragoni yaliyoenea siku hizi kwa wakulima wa matunda yanafaa: kata ncha ya shina bichi kwa wembe uliopanguswa spiriti, kata mche chini, bandika ili pete ya katikati ya huu ikutane na ya ule, hata kwa ukingo mmoja tu, kandamiza kwa mpira mwembamba siku nne kivulini. Hukua mara kadhaa zaidi ya uliobaki kwenye mizizi yake. Lakini hunenepa isivyo kawaida yake, na mimi hutumia njia hii kuokoa, si kuharakisha.

Ua, na mbegu zako mwenyewe

Ua la kwanza la Gymnocalycium hujitokeza kama kichwa cha kiberiti cha kijani karibu na utosi. Usilihamishe kopo wala kuligeuza tangu siku hiyo. Mara nyingi chipukizi hukauka kwa kubadilishiwa upande wa jua. Hukaa wiki mbili tatu, kisha hufunguka saa nne asubuhi, hujifunga alasiri, hurudia siku kadhaa.

Hapo ndipo utakapoona kwa nini usipande mche mmoja tu. Gymnocalycium na Astrophytum kwa kawaida hazijizalishi. Zinahitaji chavua ya mmea mwingine wa spishi hiyo hiyo, uliotoka kwenye mbegu nyingine. Weka angalau minne ya kila aina. Chukua unyoya mwororo wa kifaranga, gusa chavua ya ua la kwanza saa sita mchana inapokuwa kavu, peleka kwenye nyota ya katikati ya ua la pili, na urudi. Usivushe chavua kati ya spishi mbili kwa kutaka ajabu bila kuandika. Mbegu chotara zikisambaa kwa wakusanyaji kwa jina la mama, hakuna atakayejua tena alicho nacho. Daftari langu lina safu nne: jina, mbegu zilikotoka, tarehe ya kupanda, mama na baba.

Tunda likipasuka au likilainika, kamua mbegu kwenye chujio la chai, osha ute wote, maana sukari yake hualika kuvu, tandaza kwenye karatasi kivulini siku tatu. Tia kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni. Bahasha ziweke kwenye bati la majani ya chai pamoja na kijiko cha mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, unaovuta unyevu, na bati likae sehemu yenye ubaridi mpaka Machi. Za Frailea usizitie humo. Panda wiki hiyo hiyo ulizozivuna, hata kama ni Oktoba, na boksi lake ulilaze kwenye kona yenye kivuli kuliko zote.